Mashine ya dramu ya kusafishia nafaka: nzuri sana, ila iseti kwanza

Hii mashine tumeifunga hapa Moshi kwa ajili ya mahindi na maharage na kwa kweli naipenda sana, ila jamani usiiwashe tu kabla hujaisawazisha. Weka pima maji kwenye fremu, ikilalia upande mmoja punje zote zinakimbilia huko na nusu ya chekeche, yaani ule ukuta wa dramu wenye matundu, inakaa bure. Halafu mwinamo wa dramu ndo kila kitu, ukiinamisha sana mzigo unapita mbio na uchafu wake, ukipunguza mno kazi haiendi, sisi tunaanza na mwinamo mdogo tunaongeza taratibu huku tunaangalia uchafu unaotoka mwisho wa dramu, ukiona punje nzima za mahindi zimechanganyika na magunzi na mabua ujue unamwaga hela. Spidi nayo usizidishe, punje zinagandamana na ukuta wa dramu zinazunguka nao tu bila kuchekechwa. Feni ifungue kidogo kidogo mpaka makapi yaruke punje zibaki.

Kilichoniudhi ni brashi ya kusafisha matundu, laini mno, vipande vya mahindi vinanasa. Na chekeche la maharage linauzwa pembeni, uliza bei kabla hujalipia.