Kuhamia mji mwingine kikazi na watoto wadogo: nyumba ipi uchukue, ipi uiache

Barua ya uhamisho ikifika, mazungumzo ya kwanza nyumbani huwa ni vyumba. Vingapi? Vikubwa kiasi gani? Watoto watachezea wapi? Sisi nasi tulianzia hapo. Tukapata nyumba ya vyumba vinne pembeni kabisa mwa mji, kodi nafuu, ua mpana, na dalali akatuapia kuwa mpaka kazini ni dakika thelathini tu. Zilikuwa thelathini kweli, Jumapili mchana. Jumatatu asubuhi zikawa sabini na tano. Kwa miezi minane binti yetu, wakati huo ana miaka miwili, nilimwacha amelala na kumkuta amelala. Ule ua mpana ukaishia kuota nyasi.

Fanya hesabu yake uone. Dakika 75 kwenda na 75 kurudi ni saa mbili na nusu kwa siku. Zidisha kwa siku tano za kazi na wiki 46 za mwaka, unapata saa 575. Hizo ni karibu siku 24, usiku na mchana, uko barabarani. Wachumi wa Uswisi Bruno Frey na Alois Stutzer walichambua takwimu za kaya za Ujerumani wakakuta kwamba wanaosafiri muda mrefu kwenda kazini huridhika na maisha kidogo kuliko wenzao. Kwa nadharia, kodi nafuu au mshahara mnono ungefidia usumbufu huo. Haikuwa hivyo.

Kwa hiyo orodha hii ya njia tano za kupata makazi, kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi, nimeipanga kwa dakika kwanza, pesa baadaye, na vyumba mwisho.

Ya kwanza: kupanga kwa miezi 6 hadi 12, karibu na mahali mtoto atakaposhinda

Sikusema karibu na kazi. Nimesema karibu na mtoto, yaani chekechea, yaya au kituo cha kulelea watoto. Sababu ni kwamba kazini unakwenda mara moja na kurudi mara moja, lakini kwa mtoto utaitwa. Amepata homa saa tano asubuhi, ameanguka, yaya kachelewa, kituo kinafungwa mapema. Kila wito ni safari, na mara nyingi anayepigiwa simu ni yule mzazi mwenye kazi isiyo na bosi mkali. Kituo kikiwa mwendo wa miguu kutoka nyumbani, hata jirani anaweza kukusaidia kumchukua. Kikiwa upande wa pili wa mji, karibu na ofisi yako, siku usiyokwenda ofisini inakuwa mzigo badala ya mapumziko.

Kuhusu muda wa mkataba, usiwe mrefu. Mji usioujua unaujulia ndani. Ukishaishi miezi mitatu ndipo utakapogundua barabara gani hujaa maji, mtaa gani hauna usingizi mwishoni mwa wiki, na kliniki ipi ina daktari wa watoto anayekusikiliza. Mkataba mfupi hukuruhusu kukosea kwa bei ndogo. Kubali nyumba ndogo kuliko uliyoizoea. Mtoto wa miaka mitatu hana habari na ukubwa wa sebule.

Mtaa ndio usiufanyie ubahili. Kuanzia mwaka 1994 serikali ya Marekani iliendesha jaribio la kuzipa baadhi ya familia maskini hati za kusaidiwa kodi ili wapange nyumba katika mitaa yenye umaskini mdogo. Mchumi Raj Chetty na wenzake walipowafuatilia watoto wa familia hizo miaka mingi baadaye, katika utafiti uliochapishwa 2016, walikuta waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa na kipato cha juu kwa takriban asilimia 31 kuliko wenzao ambao familia zao hazikupewa hati, walipofika katikati ya miaka yao ya ishirini. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo. Siahidi kwamba kodi ya mwaka mmoja itamfanya mwanao tajiri. Ila kati ya chumba cha ziada na mtaa bora, mimi pesa yangu inakwenda mtaani.

Ya pili: nyumba ya mwajiri

Ukipewa, pokea kwa shukrani, halafu soma masharti usiku huohuo. Unaokoa amana, dalali na wiki za kuzunguka, na majirani wengi watakuwa wafanyakazi wenzako wenye watoto wa rika moja. Hilo si jambo dogo kwa mke au mume aliyeacha ndugu na marafiki nyuma. Kasoro yake ni moja, lakini ni nzito: ukiacha kazi au ukiachishwa, unapoteza mshahara na paa kwa pamoja. Uliza una siku ngapi za kuondoka, na jibu lao uwe nalo kwa maandishi. Tena, ukigombana na bosi Ijumaa, Jumamosi unakutana naye akimwagilia maua.

Ya tatu: mmoja atangulie, wengine wafuate

Hii si nyumba, ni mpangilio, na wengi huuchagua ili mkubwa amalize muhula wa shule. Kwa mwezi mmoja au miwili ni busara, maana aliyetangulia anapanga chumba kimoja cha bei ndogo na kuutembea mji kwa miguu. Ukivuka miezi mitatu unalisha nyumba mbili, na nauli za mwishoni mwa wiki zinameza akiba. Mtoto mdogo naye anaanza kumwonea aibu mzazi aliye kwenye simu. Wekeni tarehe ya mwisho kabla ya yule wa kwanza hajafunga begi.

Ya nne: nyumba kubwa, mbali

Nimeshasema yaliyotupata. Inafaa tu ikiwa kazi yako inafanyika nyumbani kwa siku nyingi, au zamu zako hazigongani na foleni. Hata hapo, jaribu njia mwenyewe saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya siku ya kazi, kwa usafiri uleule utakaoutumia. Usitegemee ramani ya simu uliyoifungua usiku.

Ya tano: kununua au kujenga moja kwa moja

Usifanye, angalau mwaka wa kwanza. Najua utaambiwa kodi ni pesa ya kutupa. Lakini gharama za kununua, yaani mwanasheria na tozo, hulipwa mwanzoni, riba na matengenezo hufuata, na zote huhitaji miaka kuzirudisha. Kazi yenyewe iko kwenye majaribio, nawe unajifunga kwenye kiwanja.

Kuhusu pesa, utasikia sana ile kanuni ya kutozidisha asilimia 30 ya kipato kwenye nyumba. Asili yake ni nyumba za umma za Marekani, ambako sheria ya 1969 iliweka kikomo cha asilimia 25 kwa wapangaji, na mwaka 1981 kikapandishwa hadi 30. Ilikuwa sera ya kuwalinda wanyonge, si hesabu ya familia yenye mtoto wa kulelewa. Mimi najumlisha vitu vitatu pamoja, kodi, nauli na malezi, kisha nalinganisha jumla hiyo nyumba kwa nyumba. Mara nyingi nyumba ya kodi kubwa iliyo karibu hutoka na jumla ndogo.

Siku ya kukagua

Nenda na mtoto. Dalali atakuonyesha marumaru, ila mtoto ndiye atakayekuonyesha hatari. Wangu alikimbilia moja kwa moja kwenye roshani ya ghorofa ya pili na kuingiza kichwa kati ya nondo. Pengo lisizidi sentimita 10, na kusiwe na chuma cha kulala anachoweza kukitumia kama ngazi. Lete mpira wenye upana huo, na ukipita, nyumba hiyo iache au iwekewe wavu kabla ya kuingia.

Angalia ukuta nyuma ya kabati na chini ya dirisha. Rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu, kimo cha goti kwenda chini, huwa inaficha unyevu. Pitisha kiganja, ukiona baridi na ungaunga, jua mtoto mwenye kifua atakohoa humo. Kama nyumba ni ya zamani na rangi inabanduka, kumbuka rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Fungua bomba zote kwa pamoja. Kaa kimya dakika tano chumbani watakamolala watoto, madirisha yakiwa wazi. Wa miaka mitatu hadi mitano wanahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, na baa ya jirani haijali.

Ukitoka nje, hesabu hatua hadi kwenye bustani au uwanja wa kijani ulio karibu. Mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk anapendekeza usizidi mita 300 kutoka mlangoni. Nami naongeza sharti langu: njiani kusiwe na barabara ya magari ya kasi ya kuvuka.

Kwenye mkataba, omba kifungu cha kuvunja mapema kwa notisi ya mwezi mmoja au miwili endapo mwajiri atakuhamisha tena. Wenye nyumba wengi hukubali ukiomba kabla ya kulipa, si baada. Siku ya kupokea funguo, kabla godoro halijashushwa, piga picha kila chumba, kila ufa na kila bomba, pamoja na mita ya maji na ya umeme namba zikisomeka. Zitume kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo ili tarehe ibaki kwenye simu zenu wote wawili.