Biblia ya Union Version yenye itifaki: inafaa kumfundisha muumini urithi wake?

Neno urithi linahubiriwa sana makanisani Dar es Salaam, na mara nyingi linaishia kwenye nyumba, gari na kazi nzuri. Petro aliandika juu ya "urithi usioharibika, usio na uchafu, usionyauka", uliotunzwa mbinguni. Muumini akitaka kuujua kwa kuusoma mwenyewe, anahitaji Biblia itakayomwezesha kulifuata jambo hilo kuanzia Torati hadi Nyaraka. Kwa kipimo hicho tumeliangalia toleo la Union Version lenye jalada gumu, marejeo chini ya ukurasa (yanayokuelekeza kwenye mistari mingine ya jambo hilohilo) na itifaki nyuma (orodha ya maneno na mistari yanamopatikana), linalopatikana kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo mjini.

Tuanze na lugha yake. Union Version kamili ilitoka mwaka 1952, ikaunganisha wasomaji waliokuwa wamegawanyika kati ya tafsiri ya Unguja na ile ya Mombasa. Ndiyo maana bibi wa Kigogo na mjukuu wake aliyezaliwa Temeke wanaweza kuisema Zaburi ya 23 kwa pamoja bila kupishana hata neno. Kiswahili chake kina maneno magumu kwa kijana wa leo, lakini kwa mtu anayejifunza mistari kwa moyo bado hatujaona la kuliweka mbele yake.

Sasa jaribio lenyewe. Fungua Waefeso 1. Urithi unatajwa mstari wa 11, wa 14 na wa 18, na katika ule wa 14 Roho Mtakatifu anaitwa "arabuni ya urithi wetu", yaani malipo ya awali yanayothibitisha kwamba yaliyobaki yanakuja. Kutoka hapo nenda Warumi 8:17, penye "warithi wa Mungu, warithio pamoja na Kristo", kisha rudi Agano la Kale. Yoshua 13 hadi 19 inaonyesha nchi ikigawanywa kwa kura, na kabila la Lawi halipewi eneo lake kama wenzake. Sababu iko Hesabu 18:20: Mungu anamwambia Haruni kwamba Yeye mwenyewe ndiye fungu lake na urithi wake. Zaburi 16:5-6 inaliimba jambo hilohilo. Mtu akiisoma mistari hii kwa mfuatano, kwa saa moja ya utulivu, atafika 1 Petro 1 akiwa anajua kwa nini mtume hakuhitaji kutaja shamba hata moja.

Hapo ndipo marejeo yanapolipa gharama yake, kwa sababu itifaki peke yake ingekupoteza. Waebrania 12:16 inasema Esau aliuuza "urithi wake wa mzaliwa wa kwanza" kwa chakula kimoja. Ukitafuta urithi kwenye itifaki ili uione habari yenyewe, hutafika Mwanzo 25, maana kule maneno yaliyotumika ni "haki ya mzaliwa wa kwanza". Rejeo la chini ya ukurasa ndilo linalokupeleka. Kumbuka pia kwamba itifaki ya nyuma ya Biblia ni teule, haibebi kila neno wala kila mstari. Usiishie kwenye urithi: pitia rithi, mrithi, warithi, fungu, milki na arabuni. Wanaoongoza vipindi vya Biblia wengi hukwama hapa, wakadhani mada imekwisha wakati wamesoma nusu yake. Programu ya simu hutafuta kila neno kwa sekunde, na ni msaada mzuri wa pembeni.

Upande wa ufungaji, usinunue kwa kuangalia jalada. Kunja Biblia kidogo utazame mgongo wake kwa juu: kurasa zilizoshonwa huonekana kama vifungu vidogo vya karatasi vilivyokunjwa, na katikati ya kila kifungu utauona uzi. Iliyobandikwa kwa gundi tupu huonekana bapa kama daftari la bei rahisi, na kwa joto la hapa gundi hulainika, kurasa za Mwanzo na za Ufunuo zikawa za kwanza kuchomoka. Kisha iweke mezani wazi kwenye Mwanzo 1. Iliyoshonwa vizuri hubaki wazi baada ya kulainishwa kidogo. Fuatisha namba za kurasa pale vifungu vinapokutana, kwa kuwa kosa la kiwandani linalojitokeza ni kifungu kizima kurudiwa, kurukwa au kuingizwa kichwa chini. Yafanye haya yote dukani kabla ya kulipa, na kabla ya kuandika jina lako.

Toleo la zipu hatulipendekezi kwa mji huu. Mvua za masika zikiilowesha, zipu huufungia unyevu ndani na ukungu huanza pembezoni mwa kurasa. Meno ya zipu nayo hukwaruza kingo kila unapofungua. Jalada gumu lenye kifuko cha kitambaa linatosha. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, wala kwenye rafu iliyogusana na ukuta unaotoa chumvi.

Karatasi ni nyembamba, kwa hiyo peni ya jeli na kalamu za kung'arishia zenye wino wa maji hupenya hadi upande wa pili. Tumia penseli, au kalamu ya rangi kavu. Pembezo za toleo hili ni finyu, na hilo ndilo lalamiko letu kubwa: mzazi anayetaka kumwachia mtoto maelezo yake hana pa kuandikia. Shona kijitabu kidogo ukiweke ndani ya jalada la nyuma, uandike humo tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa za nyumbani.

Ikichakaa, mpelekee fundi wa kubaindi, lakini mwambie mapema asitoboe kando na asikate kingo. Akitoboa, maandishi ya ndani humezwa na Biblia haifunguki tena. Akikata, maelezo uliyoandika pembeni huondoka. Selotepu usiitumie kabisa. Baada ya muda huwa ya njano na kuacha gundi inayokamata ukurasa wa pili.

Toleo hili lina vitabu 66. Mkatoliki anayehitaji vitabu 73 aombe lenye deuterokanoni, yaani vile vitabu saba vya ziada, ambalo kwenye matoleo ya vyama vya Biblia huwekewa herufi DC. Kwa wazee wenye macho dhaifu herufi zake ni ndogo mno, hasa za marejeo. Waulizie lenye maandishi makubwa, hata kama itabidi wakose itifaki.