Dondoo la kitunguu saumu na kuganda kwa damu: upime PT (muda wa plazma kuganda) au chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazoshikana kuziba jeraha)?

PT ni rahisi: damu sehemu 9, sitreti ya sodiamu 3.2% sehemu 1. Pasha moto mikrolita 100 za plazma (majimaji ya damu) hadi nyuzi 37, ongeza 200 za thromboplastini yenye kalsiamu (kianzisha mgando), hesabu sekunde hadi igande. Kawaida ni 11 hadi 14. Tatizo: ajoini, kemikali ya saumu, huzuia chembe sahani, na PT haizioni kabisa.

Kwa saumu, basi, pima kukusanyika kwa chembe sahani, ingawa kazi yake inachosha. Zungusha damu polepole, chukua plazma ya juu, ichochee kwa ADP (kemikali inayozifanya chembe sahani zikusanyike), umalize ndani ya saa 4. Friji marufuku: baridi huziamsha. Pima pia kiyeyushi kitupu, bila saumu. Ethanoli, ikiwa ndiyo kiyeyushi, nayo hudanganya matokeo.