Dawa za asili za wadudu wa maua ya ndani: ipi ununue mwanzo, ipi uiwache dukani

Kabla hujatia mkono mfukoni, geuza jani uangalie chini yake. Wengi wetu tunaona ua linanyong'onyea basi mbio sokoni Darajani au Mwanakwerekwe hapa Unguja kuulizia dawa, mwenye duka anakupa chupa alonayo, unarudi nyumbani unapiga, na mdudu hata hakuguswa kwa sababu dawa ile si yake.

Vidukari ni vile vya kijani au vyeusi vinavojazana kwenye machipukizi, ukiona sisimizi wanapanda kwenye chungu cha maua jua wanafuata maji matamu yanayotoka kwa vidukari. Wale weupe kama pamba wanajificha kwenye maungio ya jani na kijiti. Inzi weupe ukitikisa ua wanaruka kama vumbi la unga. Utitiri ni tabu kumuona kwa macho, unaona jani limejaa vidoti vya njano na utando mwembamba, weka karatasi nyeupe chini, gonga jani, vidoti vikitembea basi ndio wao, na hawa wanapenda ukavu kwa hivyo wakati wa kaskazi na kwenye vyumba vya eisii ndio wanazaana. Na vile vijinzi vyeusi vinavoruka ukimwagia maji vinatoka udongoni, dawa yao ya mwanzo ni kupunguza maji, acha udongo wa juu ukauke.

Halafu kwa nini nang'ang'ania za asili? Maua yetu si ya kuangaliwa tu. Asumini tunazichuma alaasiri bado zimefumba, tunazitunga, zinakaa kichwani, zinaingia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na mrehani, zinamwagwa kitandani na pua yako iko palepale usiku kucha. Ua lilopigwa sumu ya kunguni mie sithubutu kulitia kwenye nywele za mwanangu.

Haya, sasa manunuzi, naanza na ilo bora.

Namba moja ni mafuta ya mwarubaini, sina shaka nayo hata kidogo. Yanafanya kazi kwa vidukari, inzi weupe, utitiri na wale wa pamba, na hayaui kwa pigo moja, yanamkatisha mdudu kula na yanamvuruga asikue, kwa hivyo usitegemee kuona maiti asubuhi. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, kwa lita 1 ya maji, na chupa ya mililita 100 inakutolea lita 20 za dawa, mwenye vyungu vitano vya barazani anakaa nayo muda mrefu sana, ndo maana hata ikionekana ghali mwisho wake inakuwa rahisi. Lakini angalia unachopewa. Mafuta ya kweli yaliyokamuliwa bila moto yana rangi ya kahawia au njano iloiva na harufu yake kali kama kitunguu thomu, haikai ikafichika. Yakiwa meupe hayana harufu yoyote basi ile sehemu inayomvuruga mdudu ishaondolewa kiwandani. Na mie nishauziwa mafuta ya nazi yalotiwa rangi, kwa hivyo siku hizi nafungua kifuniko nanusa palepale dukani kabla ya kulipa, na anayekataa usinuse muachie chupa yake.

Kama pesa hakuna, tumia kokwa, miarubaini imejaa mitaani kwetu. Kusanya matunda yaloanguka yakishakuwa njano, toa nyama, anika kokwa kivulini, twanga gramu 50, roweka kwenye lita 1 ya maji usiku mzima, chuja kwa kitambaa, tumia siku hiyohiyo. Majani nayo yanasaidia ila nguvu yao ndogo kuliko kokwa.

Namba mbili sabuni. Inaua kwa kumgusa mdudu ikiwa bado mbichi, ikishakauka haina kazi tena, kwa hivyo lazima upige chini ya jani mpaka lichirizike. Nunua sabuni ya maji ya kienyeji isiyo na manukato au kipande cheupe unachokwangua, kijiko kimoja cha chai kwa lita 1. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse, inaunguza majani. Sasa hapa kuna jambo ambalo watu wanalisahau, maji ya visima vyetu yanapita kwenye mawe ya chokaa, ni magumu, sabuni haitoi povu inaganda ganda juu kama maziwa yalokatika, na sabuni ilokatika haiui kitu. Nilihangaika wiki tatu na inzi weupe kwenye haibiskasi yangu ya dirishani mpaka siku nilotumia maji ya eisii, yale yanayodondoka kwenye mpira nje, povu likaja mara moja na baada ya kupiga mara tatu inzi wakaisha. Maji ya mvua ni hivyohivyo, wakati wa masika kinga ndoo uweke. Na mafuta ya mwarubaini nayo yanahitaji matone ya sabuni ili yachanganyike na maji, bila hivyo yanaelea juu na unapiga maji matupu halafu ya mwisho unapiga mafuta matupu.

Namba tatu spiriti ya duka la dawa, ya asilimia 70. Hii ni ya wale wa pamba tu na wale wenye gamba wanaoganda kwenye kijiti. Chovya pamba, mguse mdudu mmoja mmoja, utamuona anabadilika rangi kuwa kahawia palepale. Kazi ya subira, lakini kwa okidi na anthuriamu naipenda kuliko kurushia dawa ua zima.

Namba nne karatasi za njano zenye gundi. Zinakamata wenye mbawa tu, utitiri na wale wa pamba hazina habari nao. Nazinunua zaidi ili nijue wadudu wameongezeka au wamepungua. Zichomeke kwenye chungu chini chini, usizibandike ukutani, mjusi kafiri atanasa na kumbanduwa mzima ni tabu kubwa, maskini hana kosa, yeye ndiye anaekulia wadudu usiku.

Pareto naiweka namba tano. Inatoka kwenye maua yanayolimwa nyanda za juu kusini kule bara, inaua haraka kweli, jua linaivunja upesi, ila inaua na nyuki na ni sumu kwa samaki, kama una tangi la samaki sebuleni iwache. Soma kibandiko pia, nyingi zimechanganywa na sumu za viwandani.

Mafuta ya karafuu najua watu wa Pemba wataninunia. Karafuu ni yetu, Wawi kule Pemba kuna kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo, vile vijiti vya karafuu, na mdudu kweli anaikimbia. Lakini mafuta hayo yana nguvu za kuunguza mmea wenyewe, kwengine yanatumika kuulia magugu. Niliweka kijiko kwenye chupa ya lita 1 nikapiga asumini, asubuhi ncha zote nyeusi kama zimepitiwa na moto. Na nyumba yenye paka usiyatumie kabisa, mwili wa paka hauyawezi. Yabaki kwenye matumizi yake mengine.

Ya mwisho ni unga wa diatomu, yaani unga wa mabaki ya vimelea vidogo vya majini vya kale, ule unaouzwa kwa sifa nyingi mitandaoni. Unafanya kazi ukiwa mkavu tu, na kwa unyevu wa visiwa vyetu unalowa kabla ya siku kuisha, vumbi lake nalo si zuri kwa kifua. Pesa hiyo nunua chupa ya kupulizia inayotoa ukungu mwembamba, mpya, isiwe ilowahi kutiwa dawa ya choo.

Dawa yoyote jaribu kwenye jani moja usubiri siku nzima. Violeti ya Usambara ina majani ya manyoya, usiirushie, ifute kwa brashi laini. Piga jua likishazama, rudia kila baada ya siku 5 mpaka 7, mara tatu, kwa sababu mayai mengi hayafi na yanaangua nyuma yako. Mafuta ya mwarubaini weka kabati la juu lenye kiza, mtoto mdogo akiyanywa yanaweza kumtia degedege.