Chai ya kurekebisha homoni inayouzwa Nyawera: ladha nzuri, ushahidi wa panya

Katika duka moja la dawa za asili karibu na soko la Nyawera, hapa Bukavu, nilinunua kwa dola 12 chai inayodaiwa kuponya ovari zenye vifuko vingi (PCOS), ugonjwa wa homoni unaovuruga hedhi ya mwanamke. Kama kinywaji haina lawama: mnanaa umekaushwa vizuri, mdalasini unanukia mara maji ya moto yanapomiminwa, na uchungu wa uwatu hutulizwa na asali kidogo.

Shida yangu ni karatasi ya Kifaransa iliyokunjwa ndani ya pakiti. Inatangaza kwamba chai hiyo imethibitishwa kisayansi, kisha, kwa herufi ndogo, kwamba waliotibiwa walikuwa panya waliougua kwa kupewa dawa iitwayo letrozoli. Nilipomuuliza muuzaji, alinijibu kwa upole: «Mama, kama panya alipona, mtu atashindwaje?»

Panya haugui ugonjwa huu wenyewe, hufanywa mgonjwa. Letrozoli huzuia kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, homoni ya kike, hivyo panya jike anayenyweshwa dawa hiyo kila siku kwa takriban wiki tatu huzidiwa na testosteroni, homoni ya kiume, mzunguko wake wa uzazi huvurugika, na ovari zake hujaa vifuko. Ajabu ni kwamba letrozoli hiyohiyo, ikitolewa kwa siku 5 tu, ndiyo dawa ambayo madaktari huitanguliza kwa mwanamke mwenye ugonjwa huu anayetafuta mimba, ili yai lipevuke. Tena, katika majaribio ya panya imeonekana kwamba dawa ikiondolewa, mzunguko unaweza kurudi bila tiba yoyote. Kwa hiyo ningependa kujua kama kulikuwa na panya walioachishwa letrozoli bila kunyweshwa chai, jambo ambalo karatasi imelinyamazia.

Mzunguko wa panya ni wa siku 4 au 5, hana hedhi, na hupevusha mayai mengi kwa pamoja. Kondoo na tumbili aina ya rhesus, ambao mama zao walipewa testosteroni wakiwa na mimba, humkaribia mwanamke zaidi, kwa kuwa watoto wao wa kike hukua na mizunguko iliyovurugika na miili isiyoitikia insulini ipasavyo. Lakini kuwafuga ni gharama, ndiyo maana panya ndio hutumika zaidi. Simdharau panya: ametufundisha mengi kuhusu namna homoni za kiume zinavyoiharibu ovari. Ila hawezi kumwekea dhamana mteja wa Nyawera.

Kwa haki ya mtengenezaji, mnanaa umejaribiwa kwa wanawake pia. Katika jaribio dogo la siku 30, testosteroni ilishuka, lakini vinyweleo vya usoni na mwilini ambavyo ugonjwa huu huviotesha, kwa kipimo cha madaktari, havikupungua kwa kiasi cha maana. Hilo ndilo lingeandikwa kwa herufi kubwa.

Huduma ya duka ni ya heshima na ya haraka, haraka kupita kiasi. Sikuulizwa kama nina mimba, wala kama natumia dawa za kisukari, ilhali uwatu unaweza kushusha sukari mwilini. Hakuna aliyetaja vipimo vya damu wala ekografia. Natoa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ladha. Na anayeipenda ladha hiyo atapata mnanaa na mdalasini sokoni kwa bei ya chini zaidi.