Kurasa 94 za ukaguzi wa tovuti, na kosa lenyewe limewekewa tiki ya kijani

Mkaguzi wa tovuti niliyemlipa miezi kadhaa iliyopita ameniandikia asubuhi hii: "Naona grafu yako imepanda. Naomba uniachie nyota tano." Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, nikaanza kuandika haya kabla hata sijanawa uso. Nimempa nyota mbili. Nitaeleza kwa nini ni mbili na si moja, maana sitaki kumdhulumu mtu, hata huyu.

Tovuti yangu ni ya mafunzo ya kutengeneza vyerehani. Ina kurasa 238. Zote nimeziandika mwenyewe kwa miaka, na picha nimezipiga mwenyewe, mkono mmoja simu, mwingine bisibisi. Watu walikuwa wakinifikia kwa kutafuta shida zao: cherehani kinaruka mshono, uzi unajisokota chini ya kitambaa, sindano inakatika kila mara. Halafu nikaamua kuibadilisha sura. Mtengenezaji wangu akaijenga upya kwenye anwani ya majaribio, tukaipitia humo mpaka tukaridhika, kisha akaihamishia kwenye anwani yangu halisi. Haukupita muda wageni wakaanza kupungua. Hawakukatika kwa siku moja. Kila nikitazama, mstari umelala zaidi. Ilipofika masomo yaliyokuwa yakisomwa kila siku hayapati msomaji hata mmoja, nikashikwa na hofu kweli. Ndipo nikamtafuta huyu bwana.

Alinihakikishia ukurasa wa kwanza wa matokeo, na namba moja kwa "maneno makuu matano". Google yenyewe imeandika kwenye miongozo yake kwamba hakuna mtu anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza. Wakati huo nilikuwa sijausoma mwongozo huo. Nikalipa yote kwa mkupuo, nikampa na ruhusa ya kuingia kwenye Search Console yangu, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyoonekana kwenye matokeo ya utafutaji.

Ripoti ilikuja baada ya siku chache: PDF ya kurasa 94, nyekundu mwanzo mwisho. Picha 312 hazina maelezo mbadala, yaani maandishi ya kueleza picha kwa asiyeiona. Vichwa 41 vimezidi herufi 60, na hilo ameliita kosa, ilhali Google haijaweka kikomo cha urefu wa kichwa. Kikiwa kirefu hukikata tu inapokionyesha. Kurasa zote 238 hazina lebo ya maneno muhimu, mstari uliofichwa kwenye msimbo wa kutaja mada za ukurasa, "kosa kubwa". Kubwa kwa nani? Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba lebo hiyo haiitumii kupanga matokeo. Mtu anayejiita mkaguzi ananitoza pesa kwa jambo lililozikwa tangu 2009! "Mamlaka ya tovuti" yangu ni 11 kati ya 100, imeandikwa kwa tarakimu kubwa kama matokeo ya mtihani. Alama hiyo si ya Google. Ni makadirio ya kampuni zinazouza zana za SEO, yaani kazi ya kupandisha tovuti kwenye matokeo ya utafutaji, na Google haipangi chochote kwa kuitazama. Halafu vikaja "viungo vyenye sumu" 57, yaani viungo vya kuja kwangu kutoka tovuti anazodai ni mbaya, na ushauri kwamba nivikane vyote mara moja, niiambie Google isivihesabu. Zana ya kukana viungo ipo tangu 2012, lakini maelekezo yake yenyewe yanasema tovuti nyingi hazina haja nayo na kwamba ukiitumia vibaya unaweza kujiumiza.

Sasa nyota ya pili. Kwenye ukurasa wa 61 kuna kitu cha maana. Alionyesha kwamba picha ya juu ya ukurasa wangu wa mwanzo ina megabaiti 4, na kwamba kwenye simu inachukua zaidi ya sekunde 7 kutokea. Google inapendekeza kipengele kikubwa cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, na siku hizi huisoma tovuti kwa kutumia roboti wa simu kwanza, yaani programu yake ya kusoma kurasa kama simu inavyoziona, si wa kompyuta. Niliipunguza picha ile siku hiyohiyo na ukurasa ukawa mwepesi. Kwa hilo namshukuru, na nilimwambia hivyo.

Lakini swali langu lilikuwa moja tu: wageni wamekwenda wapi? Kurasa 94 hazikulijibu.

Kwetu mafundi, cherehani kikiletwa kimegoma kushona, huanzi kuhesabu mikwaruzo kwenye mwili wake. Unatazama uzi umepita njia yake? Sindano imeingia mpaka mwisho, na ubapa wake umekaa upande unaotakiwa? Ukishaona hayo yako sawa ndipo unashika bisibisi. Tovuti nayo ina uzi na sindano yake. Roboti wa Google anafika kwenye ukurasa? Akifika, anaruhusiwa kuuhifadhi kwenye orodha ya Google? Akiuhifadhi, anauhifadhi kwa anwani ipi? Kabla hujajibu hayo matatu, urefu wa vichwa wa nini?

Nikampigia. Niliongea kwa adabu, na simu ile naikumbuka neno kwa neno.

"Kaka, nashukuru kwa kazi. Naomba unionyeshe, kati ya haya yote, ni lipi lililowaondoa wageni."

"Yote."

"Lakini picha zangu hazikuwa na maelezo hata zamani, na watu walikuwa wanakuja."

Akavuta pumzi, nikaisikia. "Sikiliza. Wewe shughulika na vyerehani vyako. Haya mambo yana wenyewe."

Kisha, bila hata kutua, akaniuzia kifurushi cha viungo 200 kila mwezi ili hiyo 11 ipande. Kununua viungo kwa ajili ya kupandisha nafasi ni jambo ambalo sera za Google zinalikataza waziwazi, na tovuti inaweza kuadhibiwa kwa hilo. Nimemlipa mtu aniokoe, anataka kunisukumia shimoni! Nikakata simu. Nilikaa pale nikiitazama ile simu, uso unawaka. Mimi nimefundisha watu kwa miaka, na hakuna mwanafunzi niliyewahi kumwambia mambo haya yana wenyewe. Mtu akikuuliza swali kuhusu kitu chake mwenyewe, alichokulipa ukitazame, unamjibu.

Usiku ule nikaingia mwenyewe kwenye Search Console. Haina malipo, na juu kabisa kuna mahali pa kukagua anwani moja moja. Nikabandika anwani ya somo langu la kurekebisha mvutano wa uzi, lililokuwa likisomwa kuliko yote. Jibu likaja: ukurasa haumo kwenye Google. Sababu: ni ukurasa mbadala wenye lebo sahihi ya kanonikali.

Neno "sahihi" lilinipoteza karibu robo saa, maana nilidhani linaniambia mambo ni mazuri. Kumbe maana yake ni kwamba Google imeiona lebo, imeielewa na imeifuata. Nikateremka chini kidogo. Kuna mistari miwili: kanonikali iliyotajwa na mwenye tovuti, na kanonikali iliyochaguliwa na Google. Kwenye mistari yote miwili ilikuwepo anwani ya majaribio.

Kwa asiyeijua, lebo ya kanonikali ni mstari mmoja kichwani mwa msimbo wa ukurasa. Unaiambia injini ya utafutaji: ukikuta nakala kadhaa za ukurasa huu, asili ni ile pale. Google, Yahoo na Microsoft ziliitangaza pamoja mwaka 2009. Kwa Google ni dokezo, si amri, lakini nakala mbili zikifanana neno kwa neno, na moja inasema kwa kinywa chake kwamba asili ni ile nyingine, itabishiwa vipi? Tovuti ilipohamishwa kutoka majaribio, mistari hiyo ilikuja na anwani ya kule. Kurasa zangu 238, kila moja, zilikuwa zikitangaza kwamba wenyewe halisi wako kwingine. Na kule kwingine kulikuwa wazi, hakuna nenosiri, nakala nzima imekaa inasomeka. Google ilifanya kile tulichoiambia ifanye.

Nikarudi kwenye ile PDF nikatafuta neno kanonikali. Limo mara moja, ukurasa wa 17, kwenye jedwali la mambo yaliyo sawa: "Lebo ya kanonikali: ipo kwenye kurasa 238. Vizuri." Pembeni, tiki ya kijani.

Ile tiki imeniuma kuliko maneno ya simuni. Zana yake iliuliza kama lebo ipo, haikuuliza inaelekeza wapi, na yeye hakufungua hata ukurasa mmoja kwa macho yake. Angebofya kitufe cha kulia, akatazama msimbo, angeiona kabla hajamaliza kupumua. Na Search Console alikuwa na ruhusa nayo tangu siku ya kwanza! Huko halikuwa jambo la kutafuta kwa tochi, kwani ripoti ya kurasa zisizohifadhiwa ilikuwa na sababu hiyo juu kabisa, na mamia ya anwani chini yake.

Kwa hiyo ile nyota ya kasi ya picha naanza kuitilia shaka. Nilipoipima mwenyewe kwa PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya ukurasa, ambayo nayo ni ya bure, nikapata mchoro uleule, rangi zilezile. Alichofanya ni kuubandika kwenye PDF yake. Lakini basi, nisingejua pa kutazama bila yeye. Nyota ibaki.

Nikamtumia picha ya skrini na maelezo, kwa upole uliobaki. Nilitegemea neno moja tu: samahani. Akajibu kwa sentensi moja: "Ziba ile ya majaribio kwa robots.txt, itatoka yenyewe."

Hapa ndipo ningeharibikiwa kabisa kama ningemsikiliza. Faili la robots.txt, utaratibu uliopo tangu 1994, linamzuia roboti asizisome kurasa. Haliondoi kilichokwisha kuhifadhiwa. Baya zaidi, ukishaufunga mlango, roboti hawezi tena kuingia aone kwamba kurasa zile zimehama. Nakala ingebaki kwenye matokeo pengine kwa muda mrefu, na kurasa zangu zingeendelea kukaa gizani. Kinachotakiwa ni kinyume chake: urekebishe lebo kwenye tovuti halisi kila ukurasa ujitaje wenyewe, kisha kila ukurasa wa majaribio uelekezwe kwa kudumu, kwa 301 (namba ambayo seva huitumia kusema ukurasa umehama moja kwa moja), kwenye ukurasa wake halisi, na mlango uachwe wazi mpaka Google ipite ijionee. Mtengenezaji wangu alilifanya hilo kwa muda usiozidi saa moja, akaniomba radhi mwenyewe bila kuombwa. Yeye ndiye aliyekosea mwanzo, na sina kinyongo naye hata kidogo, kwa sababu aliposikia alisema, "Mzee, hili ni langu," akalishika.

Kurasa zilianza kurudi taratibu. Somo la mvutano wa uzi lilitangulia, kisha la sindano, kisha makundi kwa makundi kwa majuma kadhaa. Hiyo ndiyo grafu iliyopanda. Hiyo ndiyo anayotaka nimpe nyota tano! Na ameiona kwa sababu nilisahau kumwondolea ruhusa ya kuingia. Muda wote huu alikuwa akichungulia akingoja ipande.

Nimemwondolea sasa hivi. Na nyota ya pili naiondoa pia. Mtu aliyekosa kuona anaweza kusamehewa. Huyu alionyeshwa, akatoa ushauri ambao ungenimaliza, na leo anadai sifa za kazi ya mwingine. Inabaki moja kwa sababu mfumo hauruhusu chini ya hapo.

Kuna jambo moja ambalo halijarekebishika, na ndilo linaloninyima usingizi. Katika miezi ile Google ilikuwa ikiwapeleka watu kwenye nakala ya majaribio. Kule fomu ya kuuliza maswali ilionekana kama kawaida, ukibonyeza inakuandikia ujumbe umepokelewa, lakini haikuwa imeunganishwa na barua pepe yoyote. Watu waliandika. Waliniuliza kuhusu mashine zao, wakangoja, na wakadhani nimewapuuza. Maswali hayo hayakuhifadhiwa popote, tumetafuta kwenye seva mpaka tumechoka. Kama ulikuwa mmoja wao na unasoma hapa, sikukuona. Tafadhali uliza tena, fomu sasa inafika kwangu.