Debian: mfumo ninaouamini
Natumia Debian, mfumo endeshi wa kompyuta wa familia ya Linux, kwa kazi zangu zote, na kwa usalama naipendekeza bila kusita. Msimbo wake uko wazi, yaani yeyote anaweza kuusoma, na hilo lina uzito. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali) kunachelewa kama nusu sekunde, akachimbua mpaka akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili. Toleo imara la Debian halikuguswa. Kwenye mfumo uliofungwa angechimbua wapi? Ila uwazi peke yake hautoshi: kasoro ya usalama iitwayo Heartbleed ilijificha ndani ya OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche yenye msimbo wazi pia, miaka 2 hivi, hadi 2014.

Ninachopenda zaidi ni apt, zana ya Debian ya kusakinisha na kusasisha programu: hukagua saini ya kidijitali ya hazina ya programu kabla ya kusasisha, na saini ikiwa na kasoro, inagoma.